Mowlem Haina Ng'ombe

Ng'ombe wa Wekulo walikuwa wamelala nyuma ya nyumba wakicheua siku ile mkewe alipoandika kwamba Mowlem, mtaa wao wa jijini, haina ng'ombe.

Hakuandika kwa uongo wala kwa uzembe. Nasambu alikuwa karani wa takwimu katika ofisi ya mifugo ya tarafa, mwenye stashahada na sifa ya kutokosea, na alifuata kanuni ileile iliyofuatwa kila mwaka: chukua idadi ya ng'ombe wa mkoa mzima kutoka ripoti ya mwaka, kisha ukigawie kila kitongoji fungu lake kulingana na ukubwa wa malisho yake. Ruai ilipata wengi kwa sababu ina nyasi. Njiru ilipata wake. Mowlem ni ploti, mawe na mitaro ya maji machafu. Haina malisho hata ya mbuzi mmoja. Asiye na malisho hugawiwa sifuri.

Kanuni hiyo ni sahihi mahali ambapo ng'ombe humfuata mtu hadi penye nyasi. Mowlem nyasi ndiyo humfuata ng'ombe, juu ya mkokoteni, kila asubuhi. Nasambu alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale ofisini, maana mmoja wa mikokoteni hiyo ulipakuliwa mlangoni pake. Lakini kuwaingiza ng'ombe wa nyumbani kwake katika hesabu ya serikali, kwa kuwa tu ni wa kwake, alikuona kuwa ni upendeleo. Tena kulikuwa na jambo jingine. Kwa Wekulo, Mbukusu aliyekulia zizini, ng'ombe hawahesabiwi. Anayewataja kwa idadi amewaitia kifo. Katika miaka yote ya ndoa yao Nasambu hakuwahi kuitamka idadi hiyo, na alikuwa amejizoeza hata kutoifikiria.

Kisha ugonjwa wa miguu na midomo ukazuka Njiru.

*

Wekulo alizipata habari kutoka kwa wauza nepia, majani marefu ya kulishia ng'ombe, ambao waliyakata kandokando ya mto upande huohuo wa Njiru. Walisema ng'ombe wa kule wanadondosha mate kama watoto wanaoota meno, kwato zimewachubuka, hawali, hawasimami. Ng'ombe wa kienyeji huugua akapona. Wa gredi, yule wa maziwa mengi, akipona, maziwa yake mara nyingi hayarudi. Na tangu kiwanda cha nguo kilipomwachisha Wekulo kazi, maziwa ndiyo yaliyokuwa yakiilipia nyumba ile kodi na karo.

"Mama Nasike," alisema wakati wa chai ya jioni, "chanjo inafika lini huku kwetu?"

"Imegawanywa leo. Ruai, Njiru, na Kayole kule juu."

"Na Mowlem?"

Nasambu aliweka kikombe chini. "Mowlem haikupewa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu haina ng'ombe."

Nyuma ya ukuta mmoja wao akalia, mlio mrefu wa kudai chakula. Nasike, binti yao wa kidato cha tatu, alishindwa kujizuia. "Kumbe tunafuga hewa, na hewa yenyewe inakula kabeji!"

Wekulo hakucheka. "Nani ameandika hivyo?"

"Mimi."

"Wewe."

"Baba Nasike, sikuhesabu ng'ombe wa mtu. Niligawanya idadi ya mkoa kwa malisho."

"Yaani uligawanya nyasi."

"Nyasi, ndiyo."

"Ukagawanya nyasi, ukaona hatuna ng'ombe." Aliongea polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Na hiyo chai unayokunywa ina maziwa ya nani? Ya mkoa?"

Wekulo aliinuka akachukua ndoo. Mlangoni aligeuka. "Nepia yetu inatoka Njiru. Ugonjwa hautakuja kwa miguu. Utakuja kwa magurudumu."

Maneno hayo ndiyo yaliyomkosesha raha Nasambu, kwa kuwa yalikuwa kweli tupu.

*

Katika kikao cha asubuhi ofisini alisimama na kusema kwamba makadirio ya Mowlem yana kasoro na anaomba kuyarudia. Alisema na sababu: nyumbani kwake mna ng'ombe.

Ofisa wa Ruai alikuwa wa kwanza kucheka. "Mama, unalala ukuta mmoja na ng'ombe na hujui yuko?"

"Labda alidhani ni mzee anakoroma," mwingine akadakia, na meza nzima ikapasuka kwa kicheko.

Nasambu aliendelea kusimama mpaka wakanyamaza. Bwana Dedan, mkuu wa ofisi na daktari wa mifugo, hakucheka wala hakuwakataza. Kikao kilipokwisha alimwita kando.

"Ng'ombe wa mumeo si takwimu," alimwambia. "Ni ng'ombe wa mumeo. Nikienda mkoani na hao, watasema nimetumwa na mke wa mfugaji."

"Naelewa."

"Mkoa una dozi za akiba kwenye friji. Ijumaa zinapelekwa wilaya nyingine. Niletee idadi ninayoweza kuitetea mbele ya watu wasionipenda. Usiniletee malalamiko."

"Nitaleta idadi."

"Na wafugaji wenyewe watakubali kusema? Miaka yote wamewaficha ng'ombe wasionekane na kanjo."

Nasambu alijua kwamba sheria za halmashauri ya jiji zilikataza ng'ombe mitaani, na kwamba askari wa kanjo wakimkamata mnyama, mwenyewe humkomboa kwa bei ya kuumiza. "Nitawauliza," alisema.

Aliwauliza. Aligawa Mowlem kwa vichochoro, akaamua kuingia kila kichochoro cha tano, kila ploti, ili hesabu yake iwe na msingi na isiwe ya kwenda kwa marafiki tu. Kichochoro chake mwenyewe hakikuangukia katika hivyo, naye akakiacha.

Katika ploti ya kwanza alimkuta Kanyiva, mjane Mkamba aliyeuza uji penye kituo cha basi. Nyuma yake, juu ya mabati, kilichungulia kichwa cheusi chenye doa jeupe.

"Una ng'ombe wangapi, mama?"

"Ng'ombe?" Kanyiva aligeuka, akamtazama mnyama kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana. "Huyu si wangu. Ni wa dada yangu wa Machakos. Amekuja tu kutembea."

"Amekuja lini?"

"Juzi juzi."

Chini ya miguu yao samadi ilikuwa imekauka tabaka juu ya tabaka.

Muse, aliyepeleka maziwa kwenye mikahawa ya Eastleigh, alikodi ua mkubwa kichochoro cha mwisho. Alimkaribisha kiti na soda, akamuuliza habari za watoto. Swali lilipokuja, uso wake ukafungwa.

"Mama, mimi nikikuuliza una pesa ngapi benki, utaniambia?"

"Sitakuambia."

"Basi. Wanyama ni wa Mungu. Wachache."

"Wachache ni wangapi?"

"Ni wachache," alisema Muse kwa upole, na kuinuka kumfungulia lango.

Jua lilipotua Nasambu alikuwa ameingia karibu nusu ya ploti zake. Kwa majibu aliyopewa, Mowlem ilikuwa na ng'ombe mmoja mgeni na wengine wachache wa Mungu. Alirudi nyumbani viatu vimejaa matope.

*

Asubuhi Wekulo alikuwa akikamua, Nasambu amemshikia kamba ng'ombe mweusi asiyetulia. Nasambu hakuwa na haja ya kuzungumza. Aliuliza tu ili mnyama asikie sauti na atulie.

"Huyu alitoka wapi vile?"

"Waziri? Huyu alizaliwa Webuye. Mama yake alikuwa Nanjala, yule aliyekataa kuvuka mto siku ya mazishi ya baba. Hukumbuki?" Wekulo aliendelea kukamua, na sauti yake ikabadilika, ikapanda kidogo. "Huyu Waziri ndiye aliyempiga teke askari wa kanjo hadi kofia ikaangukia mtaroni. Na huyu hapa nyuma, Bi Harusi, usimwone mpole hivi..."

Akawataja wote. Akataja mama zao, maziwa yao, tabia zao, nani anamchukia nani. Hakuna aliyemsihi. Nasambu alijikuta anakunja vidole nyuma ya mgongo, kimoja kwa kila jina. Kisha akaona haya, akavikunjua.

"Baba Nasike."

"Nini."

"Kumtaja ng'ombe jina si kumhesabu?"

Wekulo alisimamisha mikono. "Jina ni sifa. Ng'ombe asiyetajwa jina ni nyama."

"Nikienda kwa watu nikawaomba majina ya ng'ombe wao, nitakuwa nimewakosea?"

"Watakushukuru. Nani huja kuwauliza hayo?" Kisha akamtazama, akaelewa anakoelekea. "Na ukishayapata?"

"Nitayahesabu majina."

Wekulo aliegemeza kichwa ubavuni mwa Waziri. "Majina yatakuwa yako," alisema hatimaye. "Ng'ombe ni wao. Ngoja nivae shati, nikupeleke. Wakikuona na mimi hawatasema wewe ni kanjo."

*

Wakaanza upya, ploti kwa ploti. Nasambu hakuuliza idadi. Wekulo alisalimia, akawasifu wanyama kwa jicho la mtu anayejua anachosifu, kisha mkewe akauliza: "Huyu anaitwaje?"

Kanyiva aliyesema jana kuwa ng'ombe ni wa dada yake alipata sura nyingine kabisa. "Huyu? Landirova! Hakwami. Mvua ya mwaka jana ilipoingia mpaka kitandani, yeye alisimama kwenye maji usiku kucha akatoa maziwa asubuhi." Alimpiga kofi la mapenzi begani. "Na ndani kuna binti yake, Sukari. Njoo umwone. Njoo!" Sukari alikuwa amefichwa chumba cha kulala, kamba imefungwa kwenye mguu wa kitanda.

"Huyu naye amekuja kutembea?" Wekulo aliuliza.

"Nyamaza wewe," alisema Kanyiva, na wote watatu wakacheka.

Walitaja Malkia, Senti, Mama Mzungu, Kiboko. Kulikuwa na fahali aliyeitwa Jaji kwa kuwa aliangalia watu kwa dharau. Mzee mmoja alitaja ng'ombe waliokwisha kufa pamoja na walio hai, na Nasambu ikambidi aulize kwa adabu nani angali anakula. Muse alisita kuliko wote. Alimsikiliza Wekulo akizungumza juu ya ng'ombe wake wekundu, akajaribu kunyamaza, akashindwa.

"Huyo anaitwa Barwako," alisema. "Maana yake neema. Babu yangu alikuwa na Barwako wake Garissa. Huyu ni wa hapahapa, lakini jina limetoka mbali." Akawapitisha ua mzima.

Jioni ya pili kazi ikawa imekwisha. Katika vichochoro alivyopitia, majina ya ng'ombe wazima yalikuwa arubaini na saba. Kwa kuwa alipita kimoja katika kila vitano, Mowlem nzima ilikadiriwa kuwa na ng'ombe mia mbili thelathini na watano. Lakini hesabu moja haikumtosha. Alidamka akasimama kwenye daraja ambapo mikokoteni yote ya nepia hupita kuingia Mowlem. Ilikuwa ishirini na miwili. Wekulo alimwambia, na wauzaji wakathibitisha, kwamba mkokoteni mmoja hulisha kama ng'ombe kumi kwa siku. Mia mbili na ishirini. Na wafugaji wachache walilisha machicha ya bia badala ya nepia. Njia mbili zisizojuana zilikuwa zimefika karibu mahali pamoja. Nasambu alisimama pale darajani, matope hadi vifundoni, na kwa mara ya kwanza wiki ile akajisikia mrefu.

*

Bwana Dedan alisoma karatasi mara mbili.

"Majina," alisema. "Hii haimo kwenye mwongozo."

"Haimo. Ndiyo maana kuna mikokoteni."

"Mimi ningeandika mia tatu. Mkoa hukata daima."

"Tukiandika mia tatu wakakata, watakuwa wamekata ng'ombe ambao hawakuwapo, na mwaka ujao hawatatuamini hata tukisema kweli. Andika mia mbili thelathini na watano, na ueleze nimewapataje."

"Wiki iliyopita ni wewe uliyeandika sifuri."

"Ni mimi. Na ile pia niliitia sahihi."

Bwana Dedan akachukua kofia yake, akaenda mkoani. Aliporudi alasiri alisimama mlangoni mwa chumba cha maofisa, makusudi, ili asikike na wote. "Mkoa umetoa mia mbili ishirini na tano. Hawakuuliza swali hata moja kuhusu hesabu. Wameuliza imefanywa na nani." Ofisa wa Ruai alikuwa ameinamia mafaili yake.

*

Chanjo ilitolewa kwenye uwanja ulio chini ya nyaya za stima. Kulipopambazuka uwanja ulikuwa mtupu, na Bwana Dedan alitazama sanduku lake la barafu kwa wasiwasi; chupa ikishafunguliwa haiwekwi hadi kesho. Kisha Kanyiva akatokea na Landirova na Sukari. Walikuwa wameogeshwa, naye amevaa kitambaa cha kanisani. Nyuma yake wakatoka wengine, kutoka nyuma ya mabati, jikoni na chini ya ngazi, mpaka vichochoro vikajaa pembe. Watu waliokaa Mowlem miaka kumi waliwaona majirani zao kwa mara ya kwanza wakiwa na walichokificha. Wapita njia waligoma kupita. Kila ng'ombe aliyefika mezani, mwenyewe alitangaza jina kwa sauti, bila kuulizwa.

Nasambu alikuwa amemwambia mumewe: wa kwetu watakuwa wa mwisho. Wekulo alinung'unika kwamba hiyo ni kazi ya kujiadhibu. "Si adhabu," Nasambu alijibu. "Atakayesema niliandika idadi ili nipate dozi, na aje atuone kwenye mstari." Wekulo akakaa mwisho, kichwa juu.

Alasiri chupa ya mwisho ikaisha. Uwanjani walibaki wafugaji wanne: Wekulo, wazee wawili, na Muse, aliyekuwa ameshinda kutwa nzima pembeni akihakikisha kwamba huu si mtego. Ng'ombe wao walisimama wamechanganyika, wakipigana mikia. Hesabu ya Nasambu ilikuwa imekaribia kweli. Dozi ndizo zilizopungua.

"Mkoani kuna chupa moja tu," Bwana Dedan alisema. "Nikipiga simu sasa inakuja kesho asubuhi. Lakini hawatoi tena kwa makadirio. Wanataka kila mfugaji aseme mwenyewe ana wangapi, na aweke sahihi, asije mtu usiku akaongeza ng'ombe wa Njiru."

Wazee walitazama chini. Muse alitazama mbali. Bwana Dedan alimgeukia Nasambu, akitaka aseme yeye.

Nasambu aliwatazama ng'ombe wa nyumbani kwake. Angeweza kuwahesabu kwa kupepesa jicho. "Mimi sitamsemea," alisema. "Ni wa mwenyewe."

Wekulo alivua kofia, akaikunja, akaivaa tena. Alipita kwa kila ng'ombe wake akamgusa mgongo. Kisha akaja mezani, akasimama wima kama alivyosimama siku ya harusi yao.

"Wanne," alisema.

Akalisema kwa sauti kubwa, hata wale wapita njia wakasikia. Mzee wa kwanza akavuta pumzi, akasema watano. Wa pili akasema mmoja, kwa sauti ya mtu anayetamani angekuwa na zaidi. Muse akaja polepole, akamtazama Wekulo machoni, akasema: "Sita, ndugu yangu. Wote wazima."

Bwana Dedan alikwenda kupiga simu. Wekulo aliweka sahihi penye jina lake, kisha akabaki ameishika kalamu.

"Bi Harusi ana mimba," alimwambia mkewe. "Huyo wa tumboni mnamwandikaje?"

"Wa tumboni hahesabiwi, Baba Nasike."

"Haandikwi popote?"

"Haandikwi popote."

Wekulo alimrudishia kalamu, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uingie Njiru.

"Basi huyo," alisema, "bado ni wangu peke yangu."